Ubani Wako si Feki, Ila si wa Mti Mmoja

SWALI: Shikamoo. Naishi Igoma, Mwanza. Natengeneza mafuta ya kujipaka na kuwauzia akina mama wa mtaani. Nilinunua ubani maka na manemane mjini, kisha wifi yangu akaniletea bonge la ubani wa njano kutoka kwao upande wa Bukoba. Nililoweka ubani maka kwenye maji usiku kucha, nikachuja, nikachanganya na mafuta ya nazi. Siku za mwanzo yalinukia vizuri. Baada ya wiki mbili yakajitenga, chini maji meupe, juu ukungu. Mteja mmoja amenirudishia chupa, anasema ubani wangu ni feki. Nitaujuaje ulio halisi? Halafu mama mkwe anataka tumfukize mtoto, ana miezi saba na mafua hayaishi, na mimi ninywe maji ya ubani nisafishe tumbo. Nimekutumia vipande vya kila aina uvione.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Vifurushi vyako vitatu vilinifikia Jumanne jioni, na kijana wa bodaboda aliyevileta aliniuliza kwa sauti ya chini kama natoa dawa za mazindiko. Nilimwambia mimi ni mfamasia tu. Hakuamini, na simlaumu. Ubani kwetu unachomwa kanisani, unachomwa kwenye maulidi, unafukiziwa kanga za bibi harusi, unatafunwa, unanyweshwa mzazi, na hata pesa tunayompa mfiwa msibani tunaiita ubani. Neno limebebeshwa mizigo mingi kuliko mti wowote. Ndiyo maana swali la "halisi au feki" halikusaidii sana sokoni. Muuzaji akikwambia ni ubani, mara nyingi hasemi uongo, anakwambia tu kwamba kitu hiki huchomwa na hunukia. Wewe muulize ni wa mti gani, na akishindwa kujibu, kipande chenyewe kitajibu.

Nilivitandaza vifurushi vyako mezani, nikaweka glasi tatu za maji na glasi tatu za ethanoli, yaani pombe kali, ya asilimia 95, nikaanza.

Kifurushi ulichoandika "ubani maka" kilikuwa na vipande kama maharage, vyeupe vya kuelekea njano, vyenye vumbi juu. Nilitia kimoja mdomoni. Kwanza kilivunjikavunjika kama chaki, nikakikusanya kwa ulimi nikaendelea kutafuna, na baada ya dakika moja hivi kikawa laini, cheupe, kinavutika kama chingamu, na uchungu kidogo wenye harufu ya limau na mbao. Huo ni ubani. Nikachukua kipande cha pili. Hicho hakikuvunjika, kiliteleza tu mdomoni kama pipi iliyosahauliwa sukari, kikaisha chote bila kuacha harufu yoyote. Nikajua kuna mchanganyiko. Nikamwaga kifurushi kizima kwenye sinia jeupe karibu na dirisha, nikachambua kama anayechambua mchele. Vipande vya ubani vimefifia, ukivishika kwenye mwanga havipitishi kitu wazi. Vile vingine vina mng'ao wa kioo na nyufa nyembamba zilizokatizana. Nilipomaliza, karibu theluthi ya kifurushi ilikuwa gundi ya mgunga, ileile inayookotwa Shinyanga na Singida na kusafirishwa kwenda kutengenezea pipi na soda. Haina madhara. Umepunjwa, hukulishwa sumu.

Manemane yako ni manemane. Mabonge ya rangi ya kahawia iliyokolea, ukilivunja moja ndani linang'aa mafuta, na ladha yake ni chungu mpaka nikaenda kutafuta maji. Glasi ya maji iligeuka rangi ya chai ya maziwa ndani ya nusu saa. Kwenye ethanoli harufu na rangi vilitoka, lakini chini likabaki bonge la utelezi ambalo halikuyeyuka hata kesho yake.

Sasa bonge la wifi yako. Lilikuwa limefungwa kwenye jani la mgomba, bado linanata vidoleni, njano kama mshumaa wa nta. Harufu yake ilinifikia kabla sijalifungua: limau, mbao mbichi, na kwa mbali shamari. Kwenye maji halikufanya lolote, lilikaa tu kama jiwe. Kwenye ethanoli liliyeyuka karibu lote, zikabaki takataka za magome. Huo si ubani wa Uarabuni wala wa Somalia. Ni utomvu wa mpafu, ambao wengine huuita mbani na Waganda huuita muwafu, yule mti mrefu wa msituni unaozaa tunda la zambarau iliyokolea ambalo watu huliloweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka lilainike ndipo walile. Wanabotania wanauita Canarium schweinfurthii. Umekua karibu na Ziwa hili miaka yote, na watu wa Uganda na Kongo wamechoma utomvu wake makanisani na majumbani bila kusubiri jahazi lolote. Hicho wala si feki. Nitakirudia, kwa sababu kwa biashara yako nadhani ndicho bora kuliko vyote.

Ubani, manemane na mpafu ni ndugu wa ukoo mmoja, Burseraceae, miti ambayo ukiichubua gome inatoa utomvu kufunga kidonda chake. Utomvu huo umeundwa na vitu vitatu, na hapa naomba unifuatilie polepole kwa sababu matatizo yako yote yamekaa hapa. Kuna gundi, ambayo inapenda maji. Kuna ulimbo, ule ule wa kunatia kama tuliotegea ndege utotoni, ambao hautaki maji kabisa ila unakubali pombe kali na kwa kiasi mafuta. Na kuna mafuta ya harufu, ambayo yanapenda kuruka hewani, ndiyo maana unayasikia puani. Kila mti una vipimo vyake. Ubani zaidi ya nusu yake ni ulimbo, na mafuta ya harufu ni asilimia 5 hadi 9 hivi. Manemane ina gundi nyingi, inaweza kufika asilimia 60, ndiyo maana iligeuza maji kuwa chai ya maziwa. Mpafu hauna gundi ya maana, ni ulimbo na mafuta ya harufu peke yake.

Uliloweka ubani kwenye maji usiku kucha. Maji yakachukua gundi na harufu kidogo, ulimbo wote ukabaki kwenye kitambaa cha kuchujia ukautupa. Yale maji meupe yalionekana yana nguvu, na harufu ilikuwepo, kwa hiyo ukadhani umepata ubani. Ulichopata ni maji ya gundi. Kisha ukayatia kwenye mafuta ya nazi, na maji na mafuta hukaa pamoja kwa muda tu, kama wapangaji wawili wenye mita moja ya umeme. Gundi iliyashikilia siku chache, wakaachana. Na kwa kuwa gundi ni chakula na maji yapo, ukungu ukapata nyumba. Hata ungekuwa na ubani bora wa Dhofar, Omani, chupa ile ingeharibika vilevile. Mteja wako alikuwa na haki ya kurudisha chupa, ila sababu aliyoitoa siyo.

Yaliyobaki kwenye chupa yamwage yote. Usiyachemshe ukidhani utayaokoa.

Utengenezaji wenyewe ni huu. Ubani uweke kwenye friza usiku mmoja, ama sivyo utakwama kwenye kinu ukaanza kutukana. Ukiwa bado wa baridi, utwange uwe unga wa chengachenga. Kipimo kimoja cha ubani kwa vipimo vinane au kumi vya mafuta kwa uzito kinatosha, ukitumia mizani ya jikoni na si vijiko. Tia kwenye chupa kavu ya mdomo mpana, kavu kabisa, na chupa uiweke ndani ya sufuria ya maji yanayotokota kidogo kidogo, na kitambaa chini ya chupa isiguse sufuria. Hapa Mwanza tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, na hiyo inatufaa kwa sababu kazi hii haitaki moto mkali. Koroga kila baada ya muda kwa saa mbili au tatu. Utaona ulimbo unalainika na kuyeyuka, na chini panabaki tope jeupe linalonata. Tope hilo ndilo gundi, liache. Chuja mafuta kwa kitambaa yangali ya moto, acha yatulie siku mbili, kisha mimina yale ya juu tu.

Usiweke sufuria ya mafuta moja kwa moja juu ya jiko. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza wa kuchezea mambo haya, nikijiona najua kwa sababu nina cheti ukutani. Ubani ulishika chini, ukaungua, moshi ukajaa mpaka jirani akaja na ndoo ya maji, na lita nzima ya mafuta ya ufuta ikanuka kama tairi. Nilikuwa na bahati halikushika moto.

Na usimtaje mtu feki kwa sababu mafuta yake ya nazi yameganda asubuhi ya Juni. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Mwanza miezi hiyo unashuka chini ya hapo bila shida. Andika kwenye lebo, la sivyo watakurudishia tena. Au changanya nusu kwa nusu na alizeti.

Kama unataka manukato ya kujipulizia, hapo unahitaji ethanoli safi. Spiriti ya kawaida ya dukani imewekewa vitu kusudi isinyweke, pengine methanoli ndani yake, na hiyo hupita kwenye ngozi. Pombe za chupa za hapa kwetu nazo hazifai. Konyagi ni asilimia 35, maana yake sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo utapata ulimbo nusu, gundi nusu, na chupa yenye mawingu. Watengenezaji wa manukato hawaupendi ulimbo kwa harufu tu. Wanaupenda kwa sababu ni mzito na huzishika harufu nyepesi zisikimbie, kama mama mzima anayeshika mikono ya watoto barabarani. Ulimbo wa mashariki ya mbali ndio mabingwa wa kazi hiyo, wenye harufu ya vanila, ambao Waarabu waliuita lubani jawi, yaani ubani wa Java, na Wazungu wakalikatakata jina hilo kinywani mwao likawa benzoini. Kwa hiyo hata hao hawakuwa na usahihi mkubwa kutushinda. Mti wake, Styrax, hauna undugu wowote na ubani.

Kuhusu kujua ulio halisi, umeshaona nilichofanya: meno, maji na pombe. Ongeza moto. Kipande cha ubani juu ya kaa huchemka, hutoa moshi mweupe wenye uchangamfu, na huacha masalia meusi. Ukiona kinayeyuka chote kama mshumaa, moshi mweusi, harufu kama ya tapentaini, hicho ni utomvu wa paini, ule wa rangi ya asali ambao mafundi redio huchovya wanapochomelea risasi. Siku hizi unapatikana kwa urahisi na unaingizwa kwenye ubani ili kuongeza uzito. Huo ndio ningeuita feki. Kwa mafuta ya ubani yanayouzwa kwenye vichupa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe ukaliache hadi kesho. Mafuta ya harufu yatakuwa yameondoka karibu yote, ya kupikia yatakuwa yameacha doa la sambusa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kichupa kwa bei ya kuku wawili kwenye duka moja mjini, nikarudi nyumbani, doa likanitazama asubuhi.

Neno "maka" lisikutishe wala lisikuvutie. Linakumbusha Makka, lakini miti ya ubani, Boswellia, inayogemwa iko Omani, Yemen, Somalia, Ethiopia, Eritrea, Sudan na India, na mingine hufika hadi kaskazini mwa Kenya. Jina lenyewe la ubani tulilichukua kwa Waarabu, lubani, na asili yake ni weupe, ndugu wa neno lao la maziwa. Ukiona mti unavyochubuliwa utaelewa: mgemaji hukwangua kipande kidogo cha gome, matone meupe kama maziwa hujitokeza, huachwa wiki mbili hivi yakauke, halafu hurudi kukwangua tena. Tatizo ni kwamba anarudi mara nyingi mno. Mwaka 2019 watafiti waliopima mashamba ya asili ya Boswellia papyrifera, wa Ethiopia, Eritrea na Sudan, walionyesha kwamba sehemu nyingi hazina miti michanga kabisa, mifugo inakula miche na moto unamaliza iliyobaki, na wakakadiria uzalishaji utapungua kwa nusu ndani ya miaka 20. Bei itapanda, na gundi ya mgunga na paini zitazidi kuingia kwenye mifuko. Biblia inasema mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane, na huo uvumba ndio ubani huu huu. Tukiendelea hivi, dhahabu ya Geita ndiyo itakuwa zawadi ya bei nafuu.

Sasa mama mkwe wako. Mpe salamu zangu, na usimwonyeshe jibu hili kama hukumu ya mahakama. Anachokifanya alikiona kwa mama yake, na moshi wa ubani katika nyumba yenye msiba au mzazi una kazi yake ambayo mimi na maabara yangu hatuigusi. Mwaka 2008 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba kitu kimoja kilichomo kwenye ubani, insensoli asetati, kiliwatuliza panya waliokuwa na hofu. Panya si watu, na walidungwa, hawakufukizwa. Lakini sitamcheka mtu anayesema ubani unamtuliza.

Mtoto wa miezi saba ni jambo jingine. Moshi ni moshi, uwe wa ubani au wa mkaa au wa sigara: vumbi jembamba linaloingia hadi ndani ya mapafu, na njia zake za hewa ni nyembamba kama mrija wa juisi. Akiwa na mafua njia hizo zimeshavimba. Unamwongezea mzigo. Na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo imeshaua familia nzima zimelala. Wengi wetu bado tuna mazoea ya mwaka 2020, tulivyojifukiza nyungu nchi nzima chini ya blanketi. Mtoto usimwingize chini ya blanketi, wala karibu na sufuria ya maji ya moto.

Fanya hivi badala yake. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua, shika simu yenye saa, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja kamili. Kwa umri wake, kikipanda mara 50 au zaidi, huko ni kupumua haraka, mpeleke kituo cha afya leo. Vilevile ukiona ngozi chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta hewa, au anakataa kunyonya, au midomo inabadilika rangi, usihesabu tena, nenda. Kama hakuna hayo, ni mafua: nyonyesha mara kwa mara, na maji yenye chumvi ya kudondoshea puani yanayouzwa duka la dawa yanatosha kumfungulia pua. Mama mkwe afukize sebule na kanga zake, madirisha wazi, mtoto akiwa kwa jirani, arudi moshi ukishatoka. Mwambie ni mimi niliyesema. Bora anichukie mimi niliye mbali kuliko wewe unayepika naye.

Na maji ya ubani ya kusafisha tumbo? Mdogo wangu, mtoto ana miezi saba, tumbo lako lilishajisafisha zamani, lenyewe, wiki zile za mwanzo. Kama una homa, uchafu wenye harufu mbaya, au damu isiyoeleweka, hilo ni la kupimwa, si la kuloweka. Ukinywa glasi ya maji yaliyolala na ubani safi mara mojamoja, kwa mtu mzima mwenye afya sioni hatari kubwa, lakini umeshajua unachokunywa ni gundi na harufu. Zile asidi za bosweli ambazo watafiti wanazisoma kwa maumivu ya viungo zimo kwenye ulimbo, na ulimbo uliutupa na kitambaa. Majaribio hayo yalitumia dondoo zilizokolezwa za ubani wa India, kwenye vidonge vilivyopimwa. Aina moja ya Somalia, Boswellia frereana, ambayo watu wanaipenda kwa kutafuna, haina asidi hizo za maana. Na anayekuuzia kichupa cha mafuta ya ubani yaliyokenekwa kwa mvuke akakwambia yamejaa asidi hizo yanatibu saratani, mwulize zilipandaje na mvuke, maana ni nzito, zinabaki chini kwenye chungu.

Manemane usinywe kabisa ukiwa na mimba au ukidhani unayo. Anayetumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse manemane wala ubani kwa kunywa. Kwa kusukutua mdomo wenye vidonda au fizi zilizovimba, matone ya manemane iliyoyeyushwa kwenye ethanoli ndani ya glasi ya maji, kisha uteme, hilo hata wasimamizi wa dawa wa Ulaya wanalikubali kama matumizi ya jadi.

Hapa niongeze jambo ambalo hukuuliza, kwa sababu tunaishi Ziwani na nalisikia kila wiki: kwamba manemane inatibu kichocho. Halikutoka hewani. Misri walitengeneza kidonge cha manemane kwa ajili ya kichocho, majaribio ya kwanza yakasema kinaponya karibu kila mtu, kikauzwa. Watafiti wengine walipokirudia kwa wanafunzi na familia zao, matokeo yakachapishwa mwaka 2005: waliopona kwa manemane hawakufika hata mmoja kati ya sita, huku prazikwanteli, dawa ya kichocho ya hospitali, ikiwaponya wengi wa kundi lake. Prazikwanteli ipo, inajulikana, watoto wetu wanapewa shuleni. Mvuvi anayekaa na manemane mwezi mzima huku mayai ya kichocho yanamla ini anapoteza mwezi.

Nirudi kwenye mpafu, maana nimeahidi. Fikiria biashara yako. Ubani unatoka mbali, bei inapanda, unachanganywa njiani. Utomvu wa mpafu hauna gundi, kwa hiyo hauachi tope wala hauleti mawingu, unaingia kwenye mafuta ya uvuguvugu haraka, na harufu yake ya limau na shamari haifanani na ya mtu yeyote hapo mtaani. Binamu yake wa Ufilipino, Canarium luzonicum, anauzwa kwa watengeneza manukato duniani kwa jina la elemi miaka na miaka. Wa kwetu tunauchoma tukisubiri ubani maka wa kifurushi. Kipimo anza na kimoja kwa ishirini ya mafuta, kwa sababu ni mkali. Utumie ungali mpya. Harufu ya limau ikikaa na hewa muda mrefu hugeuka ikawasha ngozi, kwa hiyo jaza chupa ndogo hadi shingoni, ziwe za rangi, na kila mteja mpya apake kidogo ndani ya mkono asubiri siku mbili kabla ya kujipaka mwili mzima. Mtoto mchanga asipakwe.

Mwambie wifi asikate mti kwa panga kubwa. Michubuko midogo, upande mmoja, kisha mti upumzike. Na aombe ruhusa ya mwenye shamba kabla, maana mpafu mmoja mkubwa umri wake unaweza kuwa mkubwa kuliko ugomvi wa mipaka.

Ukifika hatua ya kuuza nje ya mtaa, vipodozi sasa viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu mwaka 2019, na ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Mwanza huwapokea wajasiriamali wadogo. Lebo iandike ukweli wa mti: "mafuta ya nazi na alizeti yenye utomvu wa mpafu". Usiandike ubani ukiwa umetia mpafu, hata kama utauza haraka. Mteja wako aliyerudisha chupa mpelekee mpya bure, umweleze kilichotokea.

Vifurushi vyako nimemkabidhi yule yule kijana wa bodaboda. Ubani na manemane viko vilevile ulivyovileta, ila ubani nimeuchambua. Zile chembe za gundi ya mgunga nimezifunga kwenye karatasi ya peke yake. Usizitupe. Zitie kwenye kikombe na maji vijiko viwili, zilale, asubuhi koroga. Utapata gundi nzuri kabisa ya kubandikia lebo.